Mke Wangu Alipovua Kitambaa

Binti yetu mkubwa aliponiomba nimshawishi mama yake akashonwe masikio kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nilikubali. Nilisema, "Sawa mwanangu, nitazungumza naye," kisha nikaendelea kumenya karanga. Siku hizi, katika umri huu ambao usingizi hunikuta kitini mchana na kuniacha katikati ya ndoto, neno hilo "sawa" ndilo linalonirudia kuliko mengi niliyowahi kusema.

Ilikuwa Jumamosi, upepo wa Agosti unapeperusha vumbi jekundu juu ya mabati ya Chamwino. Binti alikuwa amekuja kutoka Mtumba, anakofanya kazi katika moja ya zile ofisi mpya. Tuliketi barazani. Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba, na tulikuwa tukisikia msasa wake ukikwaruza mti, kimya kidogo, halafu ukikwaruza tena.

"Baba, wakwe zangu wanakuja na watu wao wote," alisema kwa sauti ya chini. "Kutakuwa na video. Kutakuwa na skrini kubwa ukumbini. Na mama atakaa meza ya mbele."

"Akae. Si ndiye mama yako?"

"Unajua ninachosema, baba. Yale masikio."

Nilijifanya natafuta ganda la karanga lililoanguka.

"Hospitali wanashona siku hizi," aliendelea. "Asubuhi unaingia, mchana uko nyumbani. Mama wa mwenzangu kazini ameshonwa, huwezi hata kujua. Mimi nikimwambia mama atanicheka. Wewe anakusikiliza."

Hapo ndipo niliposema sawa.

Inafaa nieleze masikio yenyewe. Mke wangu alizaliwa katika kijiji kimoja cha Kigogo, upande wa kuelekea Mpwapwa, na bibi yake alimtoga akiwa mtoto mdogo kwa mwiba wa mgunga. Tundu lilipopona, bibi alitia bua jembamba la mtama. Mwezi uliofuata akatia nene zaidi, kisha mawili pamoja, kisha kipande cha kibuyu, mpaka ncha za masikio zikawa pete za nyama zinazogusa taya. Tundu la namna hiyo huitwa ndewe. Wakati huo wasichana wengi walikuwa wameanza kuachwa bila kutogwa, kwa kuwa shule na kanisa havikupenda, lakini bibi yake hakuwa mtu wa kuulizwa.

Nilipomwoa nilikuwa karani wa stoo serikalini, nina cheti changu cha kidato cha nne na suruali mbili zilizopigwa pasi. Nilimpenda kwa mwendo wake na kwa kicheko chake. Masikio nilikuwa nimeyazoea tangu utotoni. Hata mama yangu alikuwa nayo. Lakini tulipohamia nyumba za watumishi, wake wa wenzangu walimtazama mara ya kwanza, wakatazamana. Jioni ile nilikwenda sokoni nikanunua kitambaa cha kichwa, cha kijani chenye maua meupe. Nilimwambia ni zawadi. Alikifunga akateremsha pembe zake mpaka chini ya taya, akajitazama kiooni, akasema, "Asante, mume wangu. Nimeelewa."

Alielewa, akakifunga. Kilipochakaa alinunua kingine mwenyewe. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaondoka, na mama yao alikuwa mwanamke wa kitambaa. Ndewe niliziona usiku tu, chumbani.

Kisha mwanetu wa mwisho alikwenda chuoni, na nyumba ikawa na mwangwi. Mwaka huohuo mwili wa mke wangu ulibadilika kama wanavyobadilika wanawake wa umri ule. Alikuwa akiamka amelowa jasho wakati mimi nimejifunika blanketi mbili. Mchana joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani. Aliacha alichokuwa akifanya akaenda kusimama upande wa mashariki wa nyumba, unakotoka upepo.

Siku moja nilimkuta hapo. Kitambaa kilikuwa mkononi. Alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo, na zile pete za nyama zilikuwa zikicheza upande huu na huu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nasikiliza. Upepo ukipita kwenye ndewe unatoa sauti. Nilikuwa nimesahau."

"Sauti gani?"

"Njoo utoge uisikie."

Tangu siku hiyo hakufunga tena kitambaa akiwa nyumbani. Baadaye hakukifunga hata sokoni. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pale mbele, naye hakutia piko. Nilitaka kusema neno, lakini kila nilipofungua mdomo alikuwa akiimba taratibu, na mtu akiimba utamkatizaje?

Halafu akaanza kutengeneza mapambo ya kujaza yale matundu. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na kisu kidogo cha jikoni, msumari wa kuchomea mapambo, vipande vya msasa alivyookota kwa fundi seremala, na chupa ya mafuta ya alizeti ya kung'arishia. Aliketi kwenye kigoda upande wa mashariki tangu jua lilipopungua ukali mpaka lilipozama, na mimi, niliyekuwa nimestaafu na sina pa kwenda, nilihamishia kiti changu huko.

Miaka ile michache ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoota alasiri: haina mwanzo, mwanga wake ni wa rangi ya asali, na kila mtu anasema polepole. Ng'ombe wa jirani wanarudi. Vumbi lao linasimama hewani muda mrefu baada ya wao kupita. Msasa unakwaruza. Na mke wangu, ambaye kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ada, unga na homa za watoto, anazungumza bila kunitazama, kama anayezungumza na kile kipande cha mti.

"Nilipokuwa msichana," aliniambia siku moja, "uso wangu ulikuwa mali ya watu. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Sasa hakuna anayeutazama. Nimerudishiwa."

"Mimi nautazama."

"Wewe unatazama kama chai imeiva."

Alicheka, nami nikacheka, maana ilikuwa kweli.

Siku nyingine alisema, "Watu wanadhani mtu akizeeka anapungua. Mimi najiona naongezeka. Yule mtoto aliyetogwa yumo. Yule bibi harusi wako yumo. Yule aliyemzika mtoto wake wa pili yumo. Tumekuwa wengi humu ndani, ndiyo maana kuna joto."

Pambo la kwanza alilitengeneza kwa ganda la kibuyu, jepesi kama karatasi. Alisema hilo ni la utoto wake. La pili lilikuwa la pembe ya ng'ombe, limezungushiwa waya wa shaba. Hilo lilikuwa la miaka ya kuzaa na kulea. Aliyavaa kwa zamu, kufuatana na alivyoamka siku hiyo. Ungeweza kujua asubuhi, kabla hajasema neno, ni mwanamke yupi ameketi mbele yako.

Tulikuwa na jirani mmoja, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye ulimi mkali na moyo mwema. Alikuwa akipitia kwetu kila jioni akitoka kufunga genge lake.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa Kigogo cha kuchekesha kwa makusudi. "Bibi wee, kwenye hizo ndewe hata kifaranga anapita."

"Lete wako tujaribu," mke wangu alijibu. "Ila akikwama ni wangu."

"Mimi masikio yangu mazima, asante. Lakini hivi vidude vyako vizuri, Wallahi. Uza. Watu wa mjini watanunua waning'inize ukutani."

"Na masikio yangu niyaning'inize wapi?"

Wakacheka mpaka mama yule akakaa chini. Nilicheka pia, lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kimekunjamana. Alikuwa jirani, na alikuwa anatania, na bado niliona haya. Nilikuwa nimestaafu, sina bosi, sina wake wa wenzangu wa kututazama, na bado nilikuwa naona haya.

Pambo la tatu lilichukua muda mrefu kuliko mengine. Alikwenda kijijini kwao akarudi na kipande cha mpingo alichokikata kwenye nguzo ya zamani ya zizi la baba yake. Mpingo ni mgumu. Kisu kilikuwa kinateleza, na vidole vyake vilijaa plasta. Nilimwambia achague mti mwingine.

"Tazama," alisema, akanionyesha ulipokatwa. Ukingoni mti ulikuwa mweupe, katikati mweusi kama usiku usio na mwezi. "Mpingo mchanga ni mweupe karibu wote. Weusi huu unakuja na umri. Huwezi kuuharakisha. Na ndio unaotafutwa."

Alichonga mawili yanayofanana, mviringo, ya upana wa kifundo cha dole gumba, kila moja limeachiwa ukingo mwembamba mweupe unaozunguka weusi. Aliyasugua kwa mafuta mpaka yakawa yanarudisha mwanga wa jioni. Binti alipoleta habari za uchumba, mke wangu alisema hayo ndiyo atakayovaa siku ya sendofu. Alisema, "Siku hiyo namtoa mwanangu. Nataka nimtoe nikiwa nimekamilika."

Hayo yote niliyajua Jumamosi ile nilipokuwa namenya karanga.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta anapika chai. Nilizunguka, nikaketi, nikasimama.

"Neno lako linazunguka nyumba tangu jana kama kuku anayetafuta pa kutagia," alisema. "Litage."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama nilivyokuwa nikieleza stoo kwa wakaguzi: wageni, video, hospitali, maumivu madogo, watu wengi wanafanya. Alisikiliza mpaka mwisho. Chai ilichemka ikataka kufurika, akaiepua bila kuitazama.

"Ni mtoto anayetaka, au ni wewe?"

"Ni mtoto."

"Nitazame usoni useme."

Nikatazama birika. "Ni mtoto," nikasema.

Nje upepo ulikuwa ukisukuma mlango na kuuacha, ukisukuma na kuuacha.

"Ingekuwa ni wewe," alisema hatimaye, "ningekataa. Kwa ajili yako nimeshafunga vitambaa vya kutosha. Lakini kama ni mtoto, basi ni siku yake, si yangu. Mtoto anaomba mara moja."

Akamimina chai. Alinitilia sukari, akakoroga, akanipa. Ningeweza kusema wakati huo. Kikombe kilikuwa cha moto, nikakiweka mezani, na nafasi ya kusema ilikuwa bado pale, kubwa kama mlango uliofunguliwa. Nilikunywa chai.

Nilimpeleka mjini mwenyewe. Daktari alikuwa kijana mpole, alitusalimia shikamoo, akatueleza kila hatua. Hakuna aliyekosea kitu hospitalini pale. Nilisubiri nje kwenye benchi, nikasinzia, nikaota nasikia msasa. Niliposhtuka alikuwa amesimama mbele yangu na bandeji nyeupe pande zote mbili, mdogo kuliko nilivyomzoea, kama mtu aliyevua viatu virefu.

Garini, tukikaribia Mtumba, aliniuliza, "Vile vipande walivyokata wamevipeleka wapi?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Aligeukia dirishani. Majengo mapya yalikuwa yakimeta kwenye jua, yote yana vioo, na baada yake kichaka cha miiba na mbuzi. Hakuuliza tena.

Sendofu ilikuwa nzuri. Mke wangu alivaa kitenge cha zambarau na hereni ndogo za dhahabu ambazo binti alimnunulia. Ngoma ya Kigogo ilipigwa na vijana wa kukodi waliovaa njuga. Watu walikula, walicheza, walitunza, mshereheshaji alipiga kelele. Nilikuwa nikimtazama mke wangu kwenye ile skrini kubwa, kila kamera ilipopita, na nikagundua jambo moja: hakuna mtu aliyekuwa akitazama masikio yake. Ukumbi mzima walikuwa wanamtazama bibi harusi. Hata angevaa mapambo ya ukubwa wa visahani, wangetazama mara moja, wangerudi kwenye pilau.

Baada ya hapo aliacha kuketi upande wa mashariki. Hakununa. Mke wangu hakuwa mtu wa kununa. Kigoda kilirudi jikoni, kisu kikarudi kumenya viazi, na msasa uliliwa na panya. Joto lilipompanda alijipepea na upande wa khanga hapohapo alipokuwa. Nilibaki na kiti changu upande ule siku kadhaa, nikimsubiri, mpaka nikajiona mjinga nikakirudisha barazani.

Jirani yetu alikuja jioni moja akasimama akamtazama. Nilitegemea utani. Alisema tu, "Umependeza, mama," kisha akaomba maji ya kunywa. Aliondoka bila kucheka hata mara moja.

Muda si mrefu, nilikwenda jikoni kutafuta chumvi nikaona chupa ya mafuta ya alizeti rafuni. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea. Mdomoni mwake kulikuwa na pambo la mpingo, limekaa sawasawa, ukingo wake mweupe umezunguka kama mwezi.

"Mama," nilimwita, "hiki si kile..."

"Ndicho. Kimetosha vizuri, umeona? Mafuta hayamwagiki." Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua kichwa. "Kila kitu kikikosa pake kinatafutiwa kazi."

"Ungeendelea kuchonga tu. Hata kama huvai."

"Nichonge la nani? Nilikuwa najichonga mimi."

Alisema bila hasira. Nadhani kama angekuwa na hasira ningepata pa kuanzia.

Mara nyingi nilikusudia kumwambia ukweli, kwamba mtoto aliomba lakini mimi ndiye niliyetaka, kwamba niliposikia maneno ya binti nilifurahi kupata mtu wa kunisemea. Nilikusudia wakati wa mavuno ya uwele. Nilikusudia Krismasi, binti alipokuja na mumewe. Siku hiyo binti mwenyewe alimshika mama yake sikio, pale penye kovu, akasema, "Ulikuwa unaumia, mama?" Mama yake akamjibu, "Kidogo tu, mwanangu. Kwa ajili yako ni kidogo." Binti akanitazama. Nikaona katika macho yake kwamba hakuwa amejua maneno gani nimetumia kule jikoni. Nilikwenda kuwafukuza mbuzi ambao hawakuwapo.

Kisha mke wangu aliugua, na ugonjwa wa mtu una adabu yake; huwezi kumletea mgonjwa mzigo wako aubebe. Ndivyo nilivyojiambia. Siku moja kabla hatujampeleka hospitali mara ya mwisho, alitaka atolewe nje. Nilimbeba, alikuwa mwepesi kama lile ganda la kibuyu. Nikamweka upande wa mashariki, kwenye kiti changu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka "Kilimatinde ya mbinguni," kama alivyozoea kusema juu ya upepo asioujua utokako. Alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo, kama zamani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Hapana," alisema. "Lakini unapoza."

Sasa naishi na chupa ile. Mafuta yaliisha, sijanunua mengine, na pambo la mpingo bado liko mdomoni mwake. Lenzake liko kwa binti yangu. Aliniomba baada ya mazishi, nikampa, na siku ileile nilimweleza kila kitu. Alilia. Siku hizi wanaonipigia simu ni wajukuu kuliko yeye mwenyewe. Alasiri nahamishia kiti upande wa mashariki nikisinzia, na katikati ya usingizi huwa nasikia msasa ukikwaruza, kimya kidogo, halafu ukikwaruza tena. Nageuka niulize leo anatengeneza la umri gani. Alikuwa ameniambia kwamba baada ya mpingo lingefuata moja, la uzee kabisa, na kwamba alikuwa ameshajua litakavyokuwa ila hataki kuniambia mapema.

Pambo hilo halikuchongwa, nami sitajua lingekuwaje. Neno lile "sawa" liliniondolea mwanamke aliyekuwa akiniambia jinsi anavyojiona, katika miaka ambayo hatimaye nilikuwa na muda wa kumsikiliza. Nilibaki naye nyumbani mpaka alipokufa, akinipikia na kunitilia sukari, lakini hakuniambia tena kitu juu yake mwenyewe, na alikufa akiamini kwamba alikatwa masikio kwa ajili ya mtoto wake, wakati alikatwa kwa ajili yangu.